Ghazala na Mwandamo wa Nisani

Ghazala binti Nisimu alizaliwa kwa mhunzi, na baba yake hakujaaliwa mtoto wa kiume. Basi mivukuto akaivuta yeye. Tangu ana miaka minane alikuwa nyuma ya tanuri akipuliza moto, na alipofika kumi na minne alishika nyundo, akigonga chuma pale baba alipomwonyesha kwa ncha ya koleo. Wanawake wa Tripoli ya Libya, Waislamu kwa Wayahudi, walisema msichana yule hataolewa. Mwanamume gani atakubali kulala na mtu mwenye mkono kama mguu wa meza?

Aliolewa. Rahmin Buaron, mshona matandiko ya punda, alikuja siku moja kuchukua bizimu za mikanda yake, akamkuta Ghazala akimzaba kofi mpagazi aliyemtolea neno la chooni. Mpagazi alikaa chini bila kupenda. Rahmin akasubiri mambo yaishe, kisha akauliza kwa upole kama bizimu zake ziko tayari. Mwezi ule ule akatuma posa. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na rafiki zake walipomtania alikuwa na jibu moja tu.

"Nyumba inataka mtu mmoja wa kupigana. Na mimi nina kazi nyingi."

Walikaa katika mtaa wa mchanganyiko, nje ya Hara, mtaa wenye kuta ambako Wayahudi wengi waliishi. Chini lilikuwa duka la matandiko. Juu walikaa wao wawili, binti yao Misa, na Diamanti, mama yake Rahmin, kikongwe mdogo kama kuku wa kienyeji na mkali kuliko siki. Ukuta wa pili alikaa Haji Shaaban, mfumaji wa mablanketi, na mkewe Mabruka. Mapaa ya nyumba zile mbili yaligusana, na wanawake walipeana mikate na maneno juu ya ukingo kutwa nzima.

Ghasia zilianza Jumapili moja ya Novemba, mwaka ule vita vikuu vya pili vilipokwisha. Nani alianza, kila mtu alikuwa na habari yake. Kilichojulikana ni kwamba kufika Jumatatu maduka ya Wayahudi yalikuwa yakiwaka moto, na watu wa Hara wamejifungia kwa magogo na mawe. Walioishi nje ya Hara hawakuwa na ngome ila milango yao.

Jumanne asubuhi ilikuwa mwandamo wa Kisleu, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi. Kwa wanawake wa Kiyahudi siku ya mwandamo ni yao: hawafui, hawashiki sindano. Ghazala alikuwa amekaa bure, mikono mapajani, aliposikia kelele mwisho wa mtaa. Watu kama thelathini walikuwa wakija na marungu na visu, na mmoja ana shoka la kupasulia kuni. Wengi hawakuwa wa mtaa ule. Wachache walikuwa.

"Nashuka kuweka komeo la pili," Rahmin alisema.

"Kaa. Naenda mimi."

"Wewe kaa na mama. Ukimwachia nafasi atashuka kuwatukana."

Shoka lilipasua mbao likampata Rahmin begani kabla komeo halijakaa. Alianguka pale pale mlangoni, na waliokuwa wakiingia walimkanyaga, kisha wakammaliza kwa marungu kama watu wanaoponda nyoka. Ghazala aliyaona yote kutoka juu ya ngazi. Alirudi ndani hatua mbili, akachukua nyundo ya marehemu baba yake iliyokuwa chini ya kabati, akasimama tena pale pale.

Ngazi ilikuwa ya mawe, nyembamba, ya kupita mtu mmoja mmoja. Wa kwanza alipanda ameshika ukuta, na Ghazala akampiga kwenye ule mkono ulioshika ukuta. Vidole vilibaki vimening'inia kama karoti zilizovunjwa. Wa pili alimpata kwenye mtulinga, akausikia mfupa ukikatika, na mtu yule akarudi chini akiwaangukia wenzake. Wa tatu alikuwa muuza makaa. Makaa yake ndiyo yaliyokuwa yakiwaka katika tanuri la baba yake miaka yote ile.

"Ghazala, ni mimi," alisema, kana kwamba hiyo ni sababu.

Alimpiga mdomoni.

Waliona kupanda hakulipi, wakatia moto matandiko. Majani makavu na ngozi vilishika upesi, moshi mweusi ukajaa ngazi. Ndipo Mabruka alipotokea juu ya paa, ameruka ukingo, hana hata mtandio kichwani.

"Nipe mtoto. Nipe mtoto, nakwambia."

Misa alipitishwa. Diamanti alivutwa juu ya ukingo akilaani vizazi saba vya wale waliokuwa chini, kiatu kimoja kikamtoka. Lakini Ghazala alikuwa anageuka kurudi kwenye ngazi, ndani ya moshi.

"Rahmin yuko chini," alisema.

"Amekufa." Mabruka alimkamata nywele kwa mikono yote miwili, akamkokota. "Amekufa, dada. Una mtoto. Panda."

Huku chini, Haji Shaaban alikuwa ametoa kigoda chake akakaa mlangoni kwake, fimbo magotini. Watu wakamjia. Akawaambia, "Hii nyumba ni yangu. Anayetaka kuingia aanzie hapa." Jiwe likampata mdomoni. Alitema meno mawili kiganjani, akayatazama, akayatia mfukoni mwa kanzu, akabaki amekaa. Wale watu walisimama kidogo wakitazamana, kisha wakahamia mtaa wa pili, kwenye kazi nyepesi zaidi.

Askari walifika wakati tayari mengi yamekwisha kutendeka. Rahmin alizikwa pamoja na wengi wengine, harakaharaka.

Baada ya siku nane kwa Mabruka walirudi kwao. Vyumba vya juu vilikuwa vyeusi kwa masizi, na kila kinachobebeka kilikuwa kimebebwa: sufuria, magodoro, hata kizibao cha buluu cha Rahmin cha Sabato kilichokuwa kikining'inia kwenye msumari. Mlango haukuwapo. Waliegemeza bati mahali pake.

Ghazala hakulia. Alikuwa mgumu kama kitu kilichotoka motoni na kutumbukizwa majini. Alipata komeo la chuma kwenye majivu, urefu wa mkono, na tangu siku ile hakutoka bila kulificha chini ya shali. Kijana mmoja alimkanyaga vazi kwa bahati mbaya kisimani, akavunjwa goti. Misa alimwaga ndoo ya maji, akachapwa mpaka Diamanti akajilaza juu yake kumkinga, na pigo moja likampata bibi.

"Piga tena," Diamanti alisema akiwa bado amelala juu ya mtoto. "Mgongo huu umewahi kupigwa na wanaume. Wewe ni nani?"

Ghazala alitupa fimbo, akatoka nje.

Miezi ikaandama, na kila mwandamo ulipofika, wanawake wengine walipokaa bure, yeye alitoa beseni katikati ya ua na kufua. Alifua kwa nguvu, akizipiga nguo juu ya jiwe mpaka majirani wakafunga madirisha. Ulikuwa mwaka wa miezi kumi na mitatu, mwaka ambao Adari, mwezi wa furaha, huja mara mbili.

"Mungu ametuongezea," Diamanti alisema. "Furaha mbili mwaka huu."

"Basi mchukulie mwanao moja kaburini kwake."

Bibi alikaa siku mbili bila kumsemesha, na kwa Diamanti siku mbili za kimya zilikuwa kama mfungo.

Siku ya mwisho ya Adari ya pili, Diamanti alikaa na kinu tangu alfajiri, akitwanga ngano na shayiri alizokaanga. Jioni ile ungeandama Nisani, mwezi Wayahudi walipotoka utumwani Misri, ambao ndio kichwa cha miezi yote. Jioni hiyo hakuna nyumba ya Kiyahudi katika Tripoli isiyochanganya bsisa: unga wa nafaka zilizokaangwa, tende, lozi na viungo, ukimiminiwa mafuta ya zeituni.

"Nenda kaniletee giligilani na shamari," alimwambia mkwewe.

"Katika nyumba hii hakuna wa kumfurahia mwezi."

"Sijakuambia ufurahi. Nimekuambia giligilani."

Ghazala alikwenda. Alinunua viungo, na aliporudi akapita njia ya karibu na lango, wanakokaa wauza kuku. Hapo ndipo alipokiona kizibao. Kilikuwa cha buluu, na chini ya kwapa la kushoto kulikuwa na mshono wa uzi wa kijani. Mshono ule aliushona yeye mwenyewe, wakati wa vita, uzi wa buluu ulipoadimika. Aliyekivaa alikuwa pande la mtu, amechuchumaa kati ya matenga, akimfunga jogoo miguu.

Hakuuliza kitu. Alichomoa komeo akamshukia nalo kichwani.

Mtu yule alianguka juu ya matenga, kuku wakatawanyika wakipiga makelele. Damu ilimtoka kwenye paji la uso ikamfunika macho. Ghazala alimpiga la pili begani, la tatu mbavuni, na alipoinua mkono kwa la nne yule mtu alimkamata kifundo cha mguu akamvuta. Walibiringishana kwenye mavi ya kuku. Alimpiga Ghazala ngumi ya mdomo, naye akamng'ata sikio, akahisi gegedu likikatika kati ya meno yake. Komeo lilikuwa limeanguka. Aliokota jiwe. Alimpandia kifuani, akamkaba shingo ya kizibao kwa mkono mmoja na kuinua jiwe kwa mkono wa pili, na watu waliokuwa wamewazunguka wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja aliona kwamba jiwe lile likishuka mji utawaka upya.

"Umekitoa wapi?" aliuliza. "Uliua watu wangapi ukakipata?"

"Nini?"

"Kizibao."

"Nilikinunua." Mtu yule alikuwa anahema, damu inamwingia kinywani. "Hapa hapa, kwenye mitumba, kabla ya baridi kuisha. Mimi mtu wa Gharyan, mama. Natoka milimani na kuku. Sijui nyumba yako, sijui mtu wako."

"Mwongo."

"Kitazame basi. Kinanibana kama ngozi ya mbuzi. Mwizi angechagua kinachomtosha."

Ghazala alitazama. Vifungo havikukutana, kati ya kishikizo na tundu lake palipita viganja viwili. Alikaa pale juu ya kifua chake, jiwe likiwa juu, na akaanza kusikia jinsi mkono ulivyochoka. Haukuwa mchoko wa siku ile. Aliliweka jiwe chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Yule mtu alijiinua kwa kiwiko. Akakivua kizibao kwa taabu, akamtupia.

"Kama ni cha mumeo, chukua," alisema. "Lakini kichwa ni changu, na umekipasua."

Ghazala alirudi nyumbani mdomo umevimba, jino la mbele linacheza, mavi ya kuku mpaka kwenye nyusi. Giligilani ilikuwa imemwagika nusu. Diamanti alimtazama tangu juu hadi chini, kisha akauona ule mzigo wa buluu mkononi mwake. Akaupokea. Akauzika uso wake ndani, akavuta pumzi ndefu, akaganda hivyo hivyo mpaka Misa akaogopa.

"Ananuka kuku," bibi alisema hatimaye. "Miaka thelathini na tano nilimfulia yule mtoto. Hajawahi kunuka kuku."

Ndipo machozi yalipomtoka Ghazala, yote ya tangu Novemba mpaka Nisani. Alilia vibaya, kwa sauti nene, akiwa amesimama, huku akieleza kwa vipandevipande jinsi alivyompiga mtu asiye na kosa na jinsi alivyotaka kummaliza hata baada ya kujua. Diamanti hakumpoza. Alileta maji, akamnawisha uso kama anayesugua chungu.

"Mtu yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi una bahati, na yeye pia. Inama, kuna mavi sikioni."

Jua lilipokuwa linatua, bakuli lilikuwa tayari katikati ya mkeka. Bsisa hukorogwa kwa ufunguo wa nyumba. Bibi wa nyumba huuzungusha ndani ya unga, mwingine anamimina mafuta, na wote humwomba yule Mfunguaji asiyehitaji ufunguo awafungulie mwaka na asiwafanye wahitaji wa watu. Diamanti alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Nyumba haikuwa na mlango, sembuse ufunguo.

"Tutatumia kijiko," Ghazala alisema.

"Kijiko hufungua nini? Mdomo. Mdomo wangu uko wazi siku zote." Bibi alipanda juu ya paa kwa miguu yake mibovu, akaita juu ya ukingo, "Mabruka. Wee Mabruka. Una ufunguo?"

Mabruka alikuwa akitoka kwenda kwa dada yake. Aliposikia, alifunga mlango wake kwa nje, akazunguka mtaa, akasukuma bati, akapanda ngazi na ufunguo mkononi: ufunguo wa chuma, mzito, wa urefu wa shibiri. Aliuosha mwenyewe. Akaketi kando ya Misa.

"Mwenye kukoroga ni mwenye nyumba," Diamanti alisema, akamsukumia mkwewe bakuli. "Mimi ni mgeni tu, nangoja kufa."

"Mikono yangu leo—"

"Nimeiosha mimi. Koroga."

Ghazala aliushika ufunguo. Misa alimimina mafuta kwa mikono miwili, ulimi nje kwa bidii, yakashuka kama uzi wa dhahabu katikati ya unga. Diamanti alianza dua kwa sauti yake ya mbuzi. Alikuwa amefika pale pa kumwomba Mungu afungue kila kilichofungwa, ukasikika ukelele kutoka nyumba ya pili.

"Mabruka. We Mabruka. Nani kafunga mlango?"

Mabruka aliweka mkono mdomoni. "Yallah. Nilidhani ametoka."

"Nina udhu, mwanamke," Haji Shaaban alipiga kelele dirishani, na kwa vile meno mawili hayakuwapo, maneno yalimtoka na mluzi. "Shala ya magharibi inapita. Ufunguo uko wapi?"

"Uko kwenye uji," Misa alijibu kwa sauti.

Haji akauliza, pole pole, kama mtu anayejihadhari na wendawazimu, "Kwenye uji wa nani?"

Kitu kilimpanda Ghazala kutoka tumboni. Alidhani ni kilio tena, akajikaza, lakini kilipotoka kilikuwa kicheko. Kilimuumiza. Mdomo uliovimba ukapasuka, damu ikamtiririka kidevuni, na bado alicheka, ameinama juu ya bakuli, ufunguo unadondosha mafuta. Mabruka akaangua naye. Diamanti alijaribu kuendelea na dua, akashindwa, akajipiga mapaja. Misa aliwatazama wakubwa watatu mmoja mmoja, kisha akapanda magotini kwa mama yake, jambo ambalo hakulithubutu tangu siku ya ile ndoo. Ghazala alimkumbatia kwa mkono ule ule uliomchapa.

Mabruka alikimbia na ufunguo unaonuka mafuta na jira. Haji aliswali kwa kuchelewa, na baadaye akaletewa sahani yake, akaikubali bila kusema neno.

Kesho yake, siku ya mwandamo yenyewe, beseni lilibaki limeegemezwa ukutani. Ghazala alijaza bakuli dogo, akalifunika kwa kitambaa, akamshika Misa mkono, wakaenda mpaka karibu na lango. Komeo alikuwa nalo chini ya shali; kuliacha hakuweza bado. Muuza kuku alikuwa pale pale, kichwa kimefungwa kwa kitambaa cheupe, sikio limevimba kama andazi. Alipomwona alisogeza tenga likae katikati yao.

"Leo umefuata nini? Suruali?"

"Nimekuletea chakula. Mwezi wetu umeandama."

Mtu yule alifunua kitambaa, akanusa, akamrudishia macho. "Onja wewe kwanza."

Ghazala alionja. Misa naye akaonja, mara tatu. Mtu yule alichovya vidole, akala kidogo, akafikiri, akala tena. Aliitwa Miftah, yaani ufunguo kwa Kiarabu. Hakusema amesamehe, na Ghazala hakumwomba.

"Kichwa kinauma?" Ghazala aliuliza.

"Usiku silalii upande huu." Alifuta bakuli kwa kidole mpaka likang'aa, akamkabidhi. "Jino lako je?"

"Linacheza."

"Usiliguse kwa ulimi. Litashika lenyewe."

Soko liliwazunguka kwa makelele yake. Kisha Misa akauliza kama anaweza kumshika kifaranga, na Miftah, baada ya kumtazama mama mtu kwa uangalifu, akafungua tenga.